Ajenti wa viza pale Moi Avenue: karatasi sawa, hoteli hapana

Dadangu alikuwa anamaliza semesta yake Leuven kule Ubelgiji, mathe akasema harudi peke yake, twende sote tumchukue halafu tuzunguke Ulaya kidogo. Kazi ya viza ya Schengen (ile moja ya kuingia nchi nyingi za Ulaya) tukaachia ajenti mmoja wa pale Moi Avenue na kwa karatasi jamaa wako sawa kabisa, walituambia tuombe kwa Wabelgiji juu huko ndio tungelala siku nyingi, na bima ya safari iwe ya kulipia matibabu ya si chini ya yuro 30,000. Yule dada wa kaunta alipitia stetimenti ya benki ya mzee laini kwa laini, kalamu nyekundu mkononi, hii pesa ilitoka wapi, na hii je, mzee akanuna lakini viza zikatoka. Ada ni yuro 90 kila mtu mzima na ukikataliwa hairudi.

Sasa ratiba waliyotupangia, ai! Hoteli ya Paris orofa ya tano, lifti hakuna, na mathe na magoti yake (walijua, tuliwaambia!). Afadhali treni, Brussels hadi Paris ni kama saa moja na nusu tu.

Kwa viza nitarudi kwao, hoteli nitajitafutia. Na kama unataka kupitia London hiyo ni viza ingine kando, ya Schengen haikuingizi.