Eti "si ungemnunulia kanga tu": fremu ya picha niliyompelekea mama

Nianze na kijana wa duka, maana nikianza na fremu nitajikuta naisifia, hasira ipoe kabla sijayamaliza.

Ilikuwa siku chache kabla ya Idd. Nilitaka kumpelekea mama fremu ya picha ya kidijitali, ile ya kuweka mezani, unachomeka kadi na picha zinapita zenyewe. Mama yuko Tanga, Ngamiani. Macho yake na simu yameshaachana. Mjukuu akimwonyesha picha anaisogeza mbali, anairudisha karibu, anasema "maashallah" kwa adabu tu, na sote tunajua hajaona kitu. Nikasema inchi kumi zitamtosha. Nikashuka Kariakoo, nikatoa laki na themanini, nikarudi nyumbani nimekumbatia boksi kama mtoto mchanga.

Picha nilikuwa nimezikusanya miezi. Za wajukuu zilikuwemo kwenye simu. Za zamani nilizipiga upya kutoka kwenye albamu, nimeilaza barazani kivulini asubuhi, kwa sababu ukipiga ndani taa inaacha doa jeupe juu ya nyuso za watu. Mia tatu na ushee. Lakini niseme ukweli, moja ndiyo iliyoninunulisha fremu: baba, studio, nyuma yake pazia lililochorwa minazi, kavaa bugaluu na raizoni, mkono mmoja kiunoni kama aliyeletewa mji mzima achague. Nyuma ya picha kuna kalamu ya risasi: 1974. Baba hatunaye tena.

Usiku ule nikachomeka kadi. Kimya. Nikaichomoa, nikaifuta kwa upindo wa kanga, nikairudisha. Kimya. Nikaazima kadi ndogo ya mwanangu, nikahamishia picha, hapo fremu ikaonyesha majina ya faili yote, na mahali pa picha ikaweka alama ya karatasi iliyopasuka. Mia tatu na ushee, karatasi iliyopasuka.

Kesho yake nikarudi dukani. Kijana ni yuleyule aliyenichekea siku ya kununua. Sikumdai shikamoo, mjini tumeshazoea. Yuko na simu yake, kichwa hakuinua.

"Mama, kadi yako feki hiyo."

Nikamwambia, mdogo wangu, kadi hii natumia mwaka mzima na haijawahi kunisumbua, na hiyo nyingine ni ya mwanangu, nayo majina inayaonyesha.

"Basi picha zako ndo feki."

Picha feki! Baba yangu na raizoni zake, feki! Nikamuuliza anamaanisha nini, akamgeukia mwenzake wakacheka, kisha akanipa hii, na nainukuu kama ilivyotoka: "Hizi vitu za watu wanaojua, mama. Bi mkubwa wa kijijini huko, si ungemnunulia kanga tu?"

Kwanza Tanga ni jiji. Pili, mama yangu kanga anazo, sanduku halifungi. Tatu, nyuma ya kichwa chake ukutani pameandikwa kwa maka pen nyekundu MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI, kwa hiyo hata kuivurumisha ile fremu juu ya kaunta nisingepata faida. Risiti ya mashine aliyonipa siku ya kwanza niliidai mara tatu ndipo "mtandao ukarudi". Ningejua tabia ya mtu tangu pale.

Baadaye mpwa wangu, mwanafunzi wa chuo, alinieleza kwa sentensi mbili. Kadi yangu ya kwanza ni ya gigabaiti 64, na kadi kubwa kuliko 32 huja zimepangwa kwa mfumo wa exFAT, wakati fremu za bei yangu zinajua FAT32, mpangilio wa zamani zaidi. Na simu yangu ni iPhone, ambayo tangu 2017 huhifadhi picha kwa muundo wa HEIC, wakati fremu inataka JPEG, ule muundo wa picha wa kawaida. Basi! Ukiingia kwenye mipangilio ya kamera unaweza kuiambia simu ipige JPEG tangu mwanzo. Sentensi mbili, yule kijana angezisema bila hata kuacha kuchati.

Yeye alichofanya ni kuniuzia kadi nyingine elfu ishirini, akataka na elfu kumi na tano ya "kuingiza picha". Anaziingizaje? "Nitumie WhatsApp." Mia tatu na ushee, WhatsApp. Bando likaisha mara mbili nimesimama pale mlangoni napigwa kumbo na wabeba mizigo. Na hapa, kwa haki ya Mungu, nikiri kitu kinachoniudhi: zilifunguka. Zikipita WhatsApp zinageuka JPEG. Hakujua kwa nini imekubali, mimi pia sikujua, lakini imekubali. Ila WhatsApp huzibana picha, na zile za albamu ziligeuka uji. Nyuso kama zimelowa mvua. Baba hana pua.

Nilipofika nyumbani mpwa wangu akazigeuza upya zile za zamani kwenye kompyuta, kwa ukubwa wake, akaziweka. Tukachungulia mbili tatu, safi, pua zipo. Usiku umekwenda, basi la alfajiri, nikafunga boksi. Hilo kosa ni langu, dukani silipeleki. Ningezipitisha zote.

Njia nzima, Chalinze, Segera, mpaka Tanga, fremu iko mapajani. Mama kavaa, kakaa, mabinamu wamejaa sebuleni. Nikawasha. Wajukuu wakapita, vigelegele. Harusi ya dada ikapita. Kisha akaja baba, amelala kiubavu. Minazi imelala, raizoni ziko upande wa dirisha, kichwa upande wa mlango.

Sebule ilinyamaza. Mama akasema taratibu, "Huyu mbona mmemlaza? Hapa alikuwa mzima."

Sijui niandike nini hapo. Nilitamani yule kijana awe amekaa kwenye ule mkeka asikie, ingawa nimeshakiri kwamba hili si lake. Nililipeleka kwake hata hivyo, kimoyomoyo, na bado liko kwake.

Sababu yake ni ya kipuuzi. Ukiinamisha simu kupiga kitu kilicholala chini, simu haijui juu ni wapi. Mimi nilizisimamisha picha palepale kwenye simu, lakini kumbe simu haigeuzi picha yenyewe, inaandika tu pembeni "hii isimamishwe". Kompyuta inausoma ujumbe ule na kuutii. Fremu yangu haiusomi. Picha inabidi izungushwe hasa, ihifadhiwe upya.

Nilikwenda stesheneri ya jirani, nimefura. Binti wa pale akanipa shikamoo kabla sijafika kaunta. Akaitazama kadi, akasema "zimelala hizi, mama, zinasimamishwa", akazisimamisha moja baada ya nyingine, thelathini na kitu, akiuliza huyu nani, na huyu nani, kama tumekaa barazani. Alidai elfu mbili. Nikampa tano akakataa, nikaiacha chini ya kikokotoo.

Jioni baba akasimama. Mama akamtazama, akafungua mdomo aseme neno, baba akaondoka, ikaja keki ya bethidei. "Mbona hakai?" Kumbe fremu inakuja imewekwa sekunde tano. Sekunde tano kwa mtu uliyeishi naye miaka arobaini! Nikatafuta kwenye rimoti, nikaweka dakika tano kwa kila picha. Sasa anakaa. Mama humaliza uzi mzima wa kufuma naye yupo.

Kwa hiyo fremu ni nzuri. Nilikuwa nimepanga kuandika msinunue, na laki na themanini kwa kitu kisichojua kusimamisha picha ni wizi, hilo silifuti. Lakini nimemwona mama akivuta kiti. Nunueni, ila si duka lile, na kabla hujalipa chomeka kadi yako mwenyewe, yenye picha zako mwenyewe, palepale mbele ya muuzaji. Akikataa, ondoka.

Kero moja imebaki. Umeme ukikatika, na Tanga unakatika, ukirudi fremu inaanzia kwenye kumbukumbu yake ya ndani. Humo kiwanda kimeweka picha zake: maporomoko ya maji, maua, watoto wawili wa Kizungu wamepanda baiskeli. Hazifutiki, nimejaribu kila kitufe. Kurudi kwa baba inabidi ubonyeze rimoti mara nne, na mama rimoti haiwezi, husubiri mtoto wa jirani atoke madrasa. Akisubiri, anaifunika fremu kwa kanga isiingie vumbi. Ndiyo, kanga. Yule kijana asijue.

Juzi mama kanipigia. Umeme umekatika, umerudi, Wazungu wako wametoka tena. Nikamwambia mama, pole, nikija nitatafuta fundi awaondoe.

"Waache," akasema. "Yule mdogo nimeshamzoea."