Uzoefu wangu kuandikia jarida la mipango miji: makala tatu ndani ya mwaka mmoja na nusu

Watu wengi wananiuliza kuhusu hili jarida la mipango miji ninaloliandikia, kama wanalipa, kama wanapokea makala ya mtu ambaye sio mhadhiri, kama inafaa kujisumbua, sasa naona bora niseme yote kwa pamoja. Jina lake silitaji maana nina malalamiko nao na sitaki yamwangukie mtu aliyenifundisha kazi.

Mimi sio profesa. Kazi yangu ni ramani, nilianza 2015 kwenye Ramani Huria, ule mradi wa kuchora ramani za mitaa ya Dar, nikiwa mwanafunzi, tulikuwa tunazunguka Tandale na kata nyingine zinazojaa maji, mmeshika simu na karatasi, mjumbe anawatangulia, mnachora kila mtaro na kila kichochoro. Kwahiyo mitaa naijua kwa miguu, kuandika ndo sikujua kabisa.

Makala ya kwanza ilikuwa ya Jangwani. Nikaandika yale ambayo kila mtu wa Dar anayajua, mvua ikikolea barabara ya Morogoro pale bondeni inafungwa, mwendokasi inasimama, na hata ile karakana ya mabasi yenyewe imejengwa ndani ya bonde la Msimbazi na maji yameshaiingia zaidi ya mara moja. Nikaja kwenye mafuriko ya Desemba 2011, watu wakahamishiwa Mabwepande, pembezoni kabisa mwa mji, alafu nikaandika kwamba wapo waliorudi bondeni "kwa sababu ya mazoea" (jarida ni la Kiingereza, maneno hapa nayatafsiri). Nikatuma, najiona nimemaliza.

Mhariri ni dada mmoja mpole lakini hakuachii. Rasimu yote ilirudi haina alama isipokuwa kwenye hilo neno mazoea, kaandika: "Ndugu yangu, Mabwepande umefika?"

Sikuwa nimefika. Jumamosi nikapanda daladala mpaka Bunju, foleni ya barabara ya Bagamoyo mnaijua wenyewe, kutoka hapo nikachukua boda, mpaka nafika zaidi ya saa mbili zimekatika na nauli niliyotoa nikaanza kuipigia hesabu ya kila siku, kwenda na kurudi. Nikamkuta mama mmoja anafagia uwanja, nikamwamkia, nikamweleza kilichonileta. Akaniambia, "Mwanangu, Jangwani nilikuwa natembea kwa miguu mpaka Kariakoo, nachukua mzigo, nauza, jioni niko kwangu. Huku nauli inakula mtaji." Kiwanja anacho na anashukuru, anasema usiku mvua ikinyesha analala. Lakini wateja wake wote wako mjini. Sasa hapo mazoea yako wapi jamani? Mtu kapiga hesabu, na hesabu yake iko sawa kuliko aya yangu. Niliifuta, makala yote nikaianza upya kutokea kwenye nauli, na mpaka leo hiyo ndo ninayoipenda kuliko zote.

Kwa hilo tu ningewapa nyota tano. Uhariri wao ni wa kweli. Kuna kingine kilinikaa sana, kwenye makala ya pili, ile ya vichochoro vya Manzese, nimeandika "makazi holela" kama mara kumi hivi, si ndo neno tulilofundishwa, akayakata yote. Nikampigia simu nibishane nae. Akaniuliza, mtu kanunua kiwanja chake, wameandikiana mbele ya mjumbe na mashahidi, mwenyekiti wa serikali ya mtaa kagonga mhuri, kajenga kidogo kidogo miaka kumi, hapo holela ni nani, yeye au ambaye hakuja kumpimia? Nikakosa jibu. Siku hizi naandika makazi yasiyopangwa, na nikimsikia mtu kwenye kikao anasema holela nanyoosha mkono. Pia usimpelekee ile asilimia 70 ya wakazi wa Dar wanaoishi maeneo yasiyopangwa bila kusema imetoka wapi na ya mwaka gani, ataikata, anasema kila mtu anaiandika kwa kunakili kwa mwenzake.

Sasa malalamiko. Malipo ni laki moja na nusu kwa makala, sio mbaya, ila ya kwanza ilichukua miezi mitano kuingia, nimetuma ankara mara tatu, kila nikiuliza naambiwa iko kwa mhasibu. Nauli za Mabwepande hawakurudisha. Na makala ya pili walibadilisha kichwa cha habari bila kuniambia, wakaweka kitu cha kutisha kuhusu moto, wakati mimi nilikuwa naandika jinsi watu wenyewe wanavyokubaliana kuacha njia ya mkokoteni na jeneza kupita. Wale wazee walionitembeza siku nzima ningewaangaliaje? Nililalamika, wakaomba radhi, lakini ilishachapwa.

Kubwa zaidi ni lugha. Jarida linatoka kwa Kiingereza. Mimi hili linaniuma. Mpango mkuu wa Dar wa 1949 uliandaliwa na kampuni ya Uingereza, wa 1968 na wa 1979 kampuni za Kanada, yote kwa Kiingereza, na mji umekua mpaka watu zaidi ya milioni 5 kwenye sensa ya 2022 bila wengi wao kuwahi kusoma hata ukurasa mmoja wa kinachopangwa juu ya nyumba zao. Alafu na sisi tuendelee hivyo hivyo? Makala ya tatu, ya mitaro inayomwaga maji kwenye Mto Ng'ombe, nikasema naitoa kwa sharti moja, itoke na Kiswahili. Ilichukua wiki kadhaa za kuvutana, nikajitolea kuiandika mwenyewe mara mbili bila kudai nyongeza, wakakubali.

Ilipotoka nikaprinti nakala ishirini stesheneri, nikazipeleka ofisi ya serikali ya mtaa Tandale. Mwenyekiti akavaa miwani akaisoma yote mbele yangu, taratibu, hakuruka mstari. Akanirudishia ukurasa wa tatu: "Kijana, huu mtaro haupiti hapa tena, ulihamishwa." Tukatoka, akanionyesha kwa fimbo ulipohamia, nikachora upya palepale.

Nilimtumia mhariri masahihisho usiku uleule, kwa lugha zote mbili. Toleo lililofuata waliyatoa, na ramani mpya.