Huduma ya Kujengewa Viungo vya Tovuti: Ipi ya Kulipia, Ipi ya Kukataa

Kampuni za utalii za Moshi na Arusha zimezoea kupokea barua pepe za mawakala wa masoko ya mtandaoni wanaoahidi kuipandisha tovuti hadi ukurasa wa kwanza wa Google kwa kuijengea viungo, au linki, kutoka tovuti nyingine. Tathmini hii inahusu huduma moja ya aina hiyo, iliyonunuliwa na kampuni ndogo ya kupandisha wageni Mlima Kilimanjaro ambayo mimi ndiye msimamizi wa tovuti yake. Wakala mwenyewe simtaji, kwa sababu vifurushi anavyouza ni vilevile vinavyouzwa na wenzake wengi, na msomaji atanufaika zaidi akijua namna ya kuvikagua kuliko akijua jina. Huduma yenyewe ilikuwa na sehemu mbili, kila moja na bei yake. Sehemu ya kwanza ni idadi maalumu ya viungo kila mwezi. Ya pili ni kazi ya kuwatafuta wenye tovuti zinazohusiana na mlima na kuwaandikia, bila kuahidiwa idadi yoyote. Ya kwanza haifai kununuliwa kwa bei yoyote ile. Ya pili ilistahili kila shilingi tuliyolipa, ingawa katika maelezo ya wakala ilitajwa mwishoni kabisa, kama nyongeza.

Viungo vina uzito tangu Google ilipoanza. Larry Page na Sergey Brin, wakiwa wanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Stanford, walieleza mwaka 1998 mfumo wao wa PageRank, ambao uliazima desturi ya wanazuoni: andiko linalorejewa na wengi, hasa na maandiko ambayo nayo yanarejewa sana, huelekea kuwa na uzito kuliko lisilorejewa na mtu. Leo Google inaangalia mambo mengi zaidi ya hayo, lakini viungo havijaondoka. Katika biashara yetu vina umuhimu wa pekee, maana kampuni nyingi mno zinauza njia zilezile, Marangu, Machame, Lemosho, Rongai na Umbwe, kwa maelezo yanayofanana karibu neno kwa neno. Mtambo unaosoma kurasa hizo zote hauna mengi ya kuutofautisha ukurasa mmoja na mwingine, isipokuwa kujua ni ukurasa upi ambao wengine wameona unafaa kuelekezewa wasomaji wao.

Ripoti ya mwezi wa kwanza ilikuja katika faili la Excel lenye safu nne: anwani ya ukurasa uliowekwa kiungo, maneno yaliyobeba kiungo hicho, ukurasa wetu uliolengwa, na alama ya nguvu ya tovuti iliyotoa kiungo. Safu hiyo ya nne ndiyo iliyopakwa rangi ya kijani, na ndiyo ambayo wakala aliisifia kwenye simu. Ni vizuri ieleweke kwamba alama za namna hiyo, kama vile Domain Authority ya kampuni ya Moz na Domain Rating ya Ahrefs, ni makadirio ya kampuni binafsi, kati ya sifuri na 100, na Google haizitumii kupanga matokeo yake. Zinasaidia kulinganisha tovuti mbili kwa haraka. Hata hivyo, alama hizo hujengwa kwa viungo vilevile vinavyoweza kununuliwa, kwa hiyo tovuti iliyoanzishwa kwa ajili ya kuuza viungo inaweza kuwa na alama ya kupendeza bila kuwa na msomaji hata mmoja.

Nilifungua kurasa zilizoorodheshwa, mmoja baada ya mwingine, na ninamshauri kila mteja afanye hivyo kabla ya kulipa ankara. Mmojawapo ulikuwa katika tovuti yenye jina linalosikika kama la gazeti, lakini haikuwa na jina la mhariri, anwani ya ofisi wala namba ya simu. Ukurasa wake wa mwanzo ulichanganya makala za kubeti, vipandikizi vya meno, mikopo ya haraka na magodoro. Makala iliyobeba kiungo chetu ilikuwa katikati ya hizo, na aya yake ya pili iliwaeleza wasomaji kwamba katika njia ya Marangu wageni hulala kwenye mahema. Mpagazi yeyote anajua kwamba Marangu ndiyo njia pekee ya kupandia ambayo wageni hulala kwenye vibanda, yaani Mandara, Horombo na Kibo. Aliyeandika hakuujua mlima na hakuwa na sababu ya kuujua, kwa kuwa makala haikuandikwa ili isomwe. Iliandikwa ili ibebe sentensi moja yenye kiungo, na jina la kampuni inayofanya kazi kwa uaminifu likawekwa chini ya taarifa ya uongo kuhusu mlima wetu. Hilo liliniudhi kuliko fedha zilizolipwa.

Maneno yaliyobeba viungo nayo yanastahili kuangaliwa kwa makini. Karibu kila ukurasa ulitumia maneno yaleyale ya Kiingereza ambayo mtalii angeyaandika anapotafuta kampuni bora ya kupanda Kilimanjaro, bila kupungua neno wala kuongezeka. Watu wanaoelekeza kwa hiari hawaandiki hivyo: mmoja huweka jina la kampuni, mwingine hubandika anwani tupu, wa tatu huandika kwamba ameona maelezo hapa. Baada ya muda, katika ripoti ya viungo ya Google Search Console, zana ya Google kwa wenye tovuti, sentensi hiyo ya kutengenezwa ilipanda juu ya jina la kampuni yetu katika orodha ya maneno yanayobeba viungo. Mtu hahitaji utaalamu kuona kwamba orodha ya namna hiyo haikutokea yenyewe, na Google imekuwa ikisoma orodha kama hizo kwa miaka mingi.

Kanuni zenyewe ziko wazi. Google inahesabu kuwa ni ulaghai kununua au kuuza viungo kwa lengo la kupanda katika matokeo. Kiungo cha kulipiwa kinaruhusiwa kama tangazo, mradi kiwekewe katika msimbo wa ukurasa alama ya nofollow, iliyoanza mwaka 2005, au ya sponsored, iliyoongezwa mwaka 2019, ambazo huidokeza Google isikihesabu kiungo hicho. Nilimwuliza wakala kama viungo vyake vinawekewa alama hiyo, naye akajibu kwamba kufanya hivyo kungeviondolea nguvu. Jibu hilo linatosha kumweleza mteja anachouziwa.

Historia haimsaidii anayedai kwamba mambo haya hayagunduliki. Februari 2011 gazeti la New York Times lilifichua jinsi kampuni kubwa ya maduka ya Marekani, J.C. Penney, ilivyokuwa ikiongoza katika matokeo ya bidhaa nyingi kwa msaada wa viungo vya kulipiwa, na Google ikaishusha. Januari 2012 Google iliushusha hata ukurasa wa kivinjari chake cha Chrome, baada ya wanablogu waliolipwa katika kampeni ya matangazo kuelekeza viungo huko. Tarehe 24 Aprili mwaka huohuo ukaja mfumo wa Penguin, uliowaangusha wengi waliokuwa wamejijenga juu ya viungo vya hila. Tangu Septemba 2016 Penguin inafanya kazi muda wote ndani ya mfumo mkuu, na kwa kawaida hailazimiki kumwadhibu mtu, kwa kuwa hukipuuza tu kiungo kibaya. Ndiyo maana mteja wa leo anaweza kulipa miezi mingi asione adhabu wala faida. Adhabu ya mkono, inayotolewa na wakaguzi wa Google baada ya kuitazama tovuti, bado ipo, na taarifa yake huonekana ndani ya Search Console.

Sehemu iliyobaki ya kifurushi hicho cha viungo vya kila mwezi, yaani viungo vya kwenye maoni ya blogu, wasifu wa majukwaa na saraka zisizotembelewa, haina la kusemwa zaidi ya kwamba sikuona mgeni hata mmoja aliyefika kwetu kupitia huko.

Sehemu ya pili ilifanywa na mtu mwingine kabisa ndani ya kampuni hiyohiyo, dada mmoja ambaye hakuanza kwa kuorodhesha tovuti, bali kwa kutuuliza ni jambo gani tunalijua ambalo wengine hawajaliandika vizuri. Aliomba kuzungumza na waongozaji wenyewe. Mmoja wao, mtu mzima aliyepanda mlima kwa miaka mingi, alimweleza kwa kirefu kuhusu Rongai, njia inayoanzia upande wa kaskazini karibu na mpaka wa Kenya na ambayo hupata mvua kidogo kuliko njia za kusini, kwa sababu mlima wenyewe unazuia mawingu yanayotoka Bahari ya Hindi. Kutokana na mazungumzo hayo tukaandika ukurasa unaoeleza, mwezi kwa mwezi, hali ya njia hiyo, mavazi yanayohitajika, na kwa nini mgeni asiyeweza kusafiri isipokuwa wakati wa masika anaweza kuifikiria. Picha zilikuwa za kwetu na tarehe zake ziliandikwa.

Hapo ndipo barua zilipoanza kutumwa. Nitaieleza moja ili kazi yenyewe ionekane. Klabu moja ya wapanda milima ya Ujerumani ilikuwa na ukurasa wa ushauri kuhusu Kilimanjaro, na kiungo kimoja katika ukurasa huo kilielekeza kwenye maelezo ya hali ya hewa yaliyokwisha kuondolewa mtandaoni. Programu ya Ahrefs inaweza kuonyesha viungo vilivyokufa kama hicho. Barua aliyoiandika dada huyo ilikuwa na sentensi chache tu: ilimsalimu mhusika kwa jina lake, ikamwonyesha kiungo kilichokufa na mahali kilipo, kisha ikamwambia kwamba kuna ukurasa mpya kuhusu mvua za upande wa kaskazini, autumie ukimfaa. Haikumsifu kupita kiasi wala haikutaja cheo katika Google. Mhusika alijibu kwa shukrani na kuweka ukurasa wetu, akitumia maneno yake mwenyewe kwa Kijerumani. Wasomaji wa klabu hiyo wamekuwa wakifika kwetu kupitia kiungo hicho, na wakifika huuliza maswali ya mtu aliyekwisha kusoma.

Kazi nyingine ilikuwa karibu zaidi na nyumbani, na ilishangaza jinsi tulivyokuwa tumeiacha wazi. Hoteli za Moshi zinazolaza wageni wetu na waandaaji wa ziara za kahawa kule Materuni wana tovuti, wanatufahamu, na walikubali kutuelekeza pale walipoona inamfaa mgeni wao. Vilevile tulishauriwa kuomba ushirika katika mpango wa Kilimanjaro Porters Assistance Project, shirika la Moshi linalotetea wapagazi na ambalo huchapisha orodha ya kampuni washirika. Kuingia katika orodha hiyo kunahitaji kampuni ikubali safari zake zifuatiliwe: ujira wa mpagazi, chakula chake, mahali anapolala na uzito anaobeba. Ninaipendekeza njia hii kwa moyo wote, kwa sababu kiungo kinachopatikana hapo kinaeleza jambo la kweli kuhusu kampuni, na mtalii anayejali hukitafuta hata kama Google isingekuwapo.

Sehemu hii ya pili ina kasoro zake. Inakwenda polepole, na barua nyingi hazijibiwi. Wapo wanaojibu kwa kutaja bei ya kuweka kiungo, na hapo inabidi kuwa na msimamo wa kukataa. Baadhi ya barua za mwanzo zilifuata kiolezo kimoja, zikiwa na sifa nyingi kwa mtu ambaye mwandishi hakuwa amemsoma, mpaka tulipoomba tuzione kabla hazijatumwa. Pia wakala alikuwa akibaki na mawasiliano yote na wenye tovuti, jambo ambalo halikubaliki, kwa kuwa uhusiano huo unajengwa kwa jina la mteja.

Kupima matokeo hakukuhitaji programu ya gharama. Search Console ni ya bure, inaonyesha tovuti zinazotuelekeza na kurasa zinazoelekezwa zaidi, na inahifadhi takwimu za utafutaji za miezi 16. Upungufu wake ni kwamba orodha ya viungo ni sampuli tu, na haisemi kipi kina faida na kipi hakina. Ahrefs Webmaster Tools, nayo ni ya bure kwa mwenye tovuti, inajaza sehemu ya pengo hilo kwa kuonyesha kama kiungo kina alama ya nofollow. Kwa upande wetu, kurasa zinazohusu Rongai zilipanda katika matokeo ndani ya miezi michache, ilhali kurasa zilizolengwa na viungo vya kununuliwa hazikusogea. Siwezi kudai kwamba ni viungo peke yake vilivyofanya hivyo, maana ukurasa wenyewe uliandikwa upya, lakini tofauti ilionekana hata kwa mwenye kampuni, ambaye hana muda wa michoro.

Wakala alijaribu pia kutuuzia huduma ya kusafisha viungo vibaya kupitia zana ya Google ya kuvikana, yaani kuiomba Google isivihesabu, iliyoanzishwa Oktoba 2012. Tuliikataa. Google yenyewe inaeleza kwamba tovuti nyingi hazihitaji zana hiyo, na kwamba ikitumiwa ovyo inaweza kuumiza. Hatukuwa na adhabu ya mkono, na vile viungo tulivyonunua tulimtaka wakala aviondoe mwenyewe kwa gharama yake.

Mkataba mpya tuliotia saini una sehemu ya pili peke yake. Malipo yanahesabiwa kwa kazi iliyofanyika wala si kwa idadi ya viungo, kila barua inapitiwa na sisi kabla ya kutumwa, hakuna mwenye tovuti anayelipwa ili aweke kiungo kisicho na alama ya tangazo, na mawasiliano ya wote waliojibu yanahifadhiwa katika barua pepe ya kampuni yetu. Wakala alisita katika sharti la mwisho, kisha akalikubali.