Hita yangu ni nzima, themostati yangu iko wapi?

Naomba niwaulize mafundi wa magari wa Dar es Salaam, na nauliza kwa hasira: nani aliwaambia kwamba kila themostati, kale kamlango kanakozuia maji ya injini yasiende kwenye rejeta kabla injini haijapata joto, mnayoikuta kwenye gari ni takataka? Gari linaletwa kufungwa kitu kingine kabisa, linaondoka limepungua kifaa, na mwenye gari haambiwi.

Gari lenyewe ni Land Rover 109, Series IIA ya petroli, aliyoniachia marehemu baba. Enzi zile hita, yaani kile chombo cha kupuliza joto ndani ya gari, ilikuwa ya kuagiza kwa pesa ya ziada, na hili la baba lilikuja bila. Hapa mjini wala hukumbuki kama kuna kitu kinaitwa hita. Lakini kwetu ni Njombe. Jaribu kutoka Makambako alfajiri ya Julai, ukungu umelala barabarani, kioo cha mbele kimefunga kwa ndani, mkono mmoja uko kwenye usukani na mwingine unafuta kioo kwa kitambaa huku lori linakuja mbele yako. Nimeendesha hivyo miaka mingi na nimechoka.

Ndugu yangu aliyeko Uingereza akanitafutia hita ya Smiths, ile ya duara, yenye vimilango vya kufungua upepo uje miguuni na mipira miwili ya kupeleka hewa kwenye kioo. Ni chombo cha zamani, kizito, rejeta yake ndogo ya shaba. Siku ilipofika nilikuwa naizunguka tu pale mezani kwa furaha.

Nikaipeleka gereji moja maeneo ya Ilala, nilikoelekezwa na mtu ninayemheshimu. Mwenye gereji alipoiona akacheka. "Hita? Dar hii? Mama, watu wanahangaika na AC." Nikamweleza safari zangu za Njombe, nikamweleza na baridi ya huko. Akamgeukia mpwa wangu niliyekuja naye, kijana ambaye hajui hata boneti ya lile gari inafunguliwa wapi, akaanza kujibu maswali yangu kupitia kwake. "Kaka, mwambie mama asiwe na wasiwasi." Nimesimama palepale! Anayeuliza ni mimi, anayelipa ni mimi, gari ni langu.

Sasa nitende haki. Kazi ya kufunga hita yenyewe ilifanywa vizuri, tena vizuri sana. Rejeta ndogo ilikuwa inavuja kwenye kona moja, wakampa fundi wa rejeta wa jirani, akaisafisha, akaichomelea risasi mstari mwembamba ulionyooka, akaizamisha kwenye ndoo na kuipuliza upepo mbele yangu. Hakikutoka hata kipovu kimoja. Mipira wakaipitisha vizuri: maji ya moto yanatoka kwenye injini, yanapita kwenye koki, yanaingia kwenye hita, yanarudi kwenye pampu. Na yule kijana wa umeme, Mungu ambariki. Kabla hajagusa waya aliniuliza, mimi mwenyewe, kama betri imefungwa upande wa hasi au wa chanya kwenye bodi ya gari, kwa sababu Land Rover za mwanzoni mwa miaka ya 60 zilitoka kiwandani na chanya kwenye bodi. Nikamwambia baba alishabadilisha. Akasema ahsante mama, lakini bado akahakikisha kwa mita, ndipo akaunga feni. Ningeandika siku ile, ningewapa nyota zote.

Tukaanza safari. Kupanda mlima wa Kitonga mshale wa joto ulisogea kidogo, nikasema vizuri, leo tutajua. Kupita Iringa ukashuka. Mafinga, usiku umeshaingia, mshale umelala chini kabisa kama vile injini haijawashwa. Nikafungua koki ya hita, nikawasha feni. Feni inavuma, vimilango viko wazi, na kinachotoka ni baridi. Baridi kali kuliko ya nje! Nimelipa laki kadhaa kupulizwa baridi.

Makambako asubuhi nikamtafuta fundi. Nikamkuta mzee mmoja amevaa makoti mawili. Shikamoo, marahaba mwanangu, nikamweleza. Hakuigusa hita hata kidogo. Aliniambia niwashe injini, akaweka kiganja juu ya mpira mkubwa wa juu wa rejeta, akasubiri. Halafu akauliza, "Hii injini wameifungua karibuni?" Mpira ule ulikuwa umeshaanza kuwa vuguvugu wakati injini yenyewe bado ya baridi, kumbe maji yanakimbilia kwenye rejeta tangu unapowasha. Akafungua kofia ya themostati. Pembeni imepakwa gundi nyekundu ya gasketi imefurika mpaka nje, na ndani hamna kitu. Shimo tupu.

Nikampigia yule bwana wa Ilala. Akajibu bila wasiwasi: "Mama, nchi ya joto hii, themostati ya nini? Sisi tunatoa zote, gari lisichemshe." Nikamwambia nilikueleza tangu siku ya kwanza kwamba naenda Njombe. Akasema, "Hebu mpe simu kaka niongee naye."

Mpaka leo nikikumbuka hiyo sentensi damu inachemka.

Na anakosea kiufundi, ndiyo maana siwezi kunyamaza. Themostati inazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake, kwenye nyuzi 80 na kitu, ndipo inafunguka. Ukiitoa, injini inatembea baridi, inakunywa petroli, oili inachafuka mapema. Gari linalochemka lina rejeta iliyoziba, au pampu mbovu, au mkanda uliolegea, tafuta hapo. Themostati ikigoma kufunguka unaweka nyingine. Kuitoa na kuacha shimo ni kuficha ugonjwa, na gari langu halikuwa na ugonjwa wowote.

Mzee wa Makambako hakuwa na themostati ya kuingia mle. Akachukua boksi la sabuni, akalikata, akalifunga kwa waya mbele ya rejeta kuziba nusu ya upepo, akaniambia nisiache kuangalia mshale. Kabla sijafika Njombe mshale ulikuwa umepanda, na hita ikaamka. Jamani! Joto likaja miguuni, kioo kikasafika kuanzia chini kwenda juu, na mama yangu, ambaye kwenye gari lile hukaa amejifunga blanketi mpaka kidevuni, siku ya pili yake alivua koti mwenyewe. Kwa hita ile sina la kusema ila sifa. Mwenye Land Rover ya zamani na safari za nyanda za juu aitafute, hatajuta.

Niliporudi Dar nilikwenda kuidai themostati yangu. Mara imefagiwa, mara vijana wameipeleka kwa wa chuma chakavu. Akanitolea moja ya Toyota kwenye droo, haikai hata ukiilazimisha. Nilikataa kuondoka mpaka akanipa pesa ya kununua nyingine, na hiyo pesa akataka kumkabidhi mpwa wangu. Nilinyoosha mkono nikaichukua mwenyewe.

Nilitaka kusema msiende kabisa. Lakini yule fundi wa rejeta na yule kijana wa umeme hawana kosa, na mafundi wa namna ile kwa magari haya ni wachache. Basi nendeni, muwaulizie hao wawili. Mkae palepale kwenye benchi, na yeyote akisogelea kofia ya themostati na spana, simameni.