Matairi mapya kwa pikipiki ya zamani: uzoefu wangu na gurudumu la inchi 21 hapa Tanga

Pikipiki yangu ni Yamaha DT 125 niliyoinunua mwaka 2011 kwenye mnada wa vyombo chakavu vya serikali, na tangu siku hiyo ndiyo inayonifikisha kwa wakulima wa machungwa wa Muheza na wakulima wa iliki na pilipili manga wanaoishi juu kabisa, huko Amani. Injini yake sijawahi kuilalamikia. Taabu yangu ya miaka yote imekuwa matairi, kwa sababu gurudumu la mbele la pikipiki hii ni la inchi 21 na la nyuma ni la inchi 18, wakati bodaboda nyingi zinazojaza mitaa ya Tanga zinatumia inchi 17 au 18. Mwenye duka la spea hununua kile kinachotoka haraka, kwa hiyo tairi la inchi 21 likiwapo dukani, mara nyingi lipo kwa sababu halijapata mtu wa kulichukua kwa muda mrefu. Jambo hilo sikulifikiria vya kutosha mwaka 2022, na ndilo lililonifanya niandike uzoefu huu.

Mwaka huo nilizunguka barabara za Ngamiani zenye namba kwa siku mbili nzima nikitafuta tairi la mbele la 2.75-21, yaani upana wa inchi 2.75 kwa rimu ya inchi 21. Nilipolipata katika duka moja nilifurahi kupita kiasi. Lilikuwa limening'inizwa mlangoni, jeusi linalong'aa, vile vinyweleo vya mpira vya kiwandani bado viko juu yake, na muuzaji akalifuta kwa kitambaa mbele yangu. Nililipa bila kuuliza swali lolote zaidi ya bei. Kwa miezi michache halikuwa na tatizo kwenye lami kavu, ila nilianza kuona kwamba kila kukinyesha gurudumu la mbele linakuwa gumu kuamini, likiteleza kidogo kwenye rangi nyeupe za barabarani na kwenye madaraja. Niliyasingizia matope, nikaisingizia mvua.

Aprili iliyofuata, nikishuka kutoka Amani katikati ya masika, gurudumu hilo lilitoka chini yangu kwenye kona ya udongo mwekundu uliolowa. Nilikuwa mwendo wa mtu anayetembea, na hilo ndilo lililoniokoa, lakini kiwiko cha breki kilipinda na kifundo cha mkono wangu wa kulia kiliuma kwa wiki tatu. Niliporudi mjini fundi alilivua tairi, akalikunja kwa mikono miwili mbele yangu. Kati ya jino na jino mpira ukafunguka mistari mistari kama udongo wa mbuga wakati wa kiangazi, na katika ufa mmoja nyuzi za ndani zilikuwa zinaonekana. Meno yenyewe yalikuwa marefu bado. Fundi akasema, "Bwana shamba, tairi hili halijaisha, limezeeka." Tukausugua ubavu kwa brashi na maji ya sabuni, na ndani ya umbo dogo la duaradufu zikajitokeza tarakimu nne: 3314.

Tarakimu hizo ndizo umri wa tairi. Mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, kwa maana hiyo tairi langu "jipya" lilitengenezwa wiki ya 33 ya mwaka 2014, yaani Agosti, na mimi nilikuwa nimelinunua likiwa na miaka minane. Utaratibu huu wa tarakimu nne umetumika tangu mwaka 2000. Kabla ya hapo zilikuwa tatu, na ukikuta tairi lenye tarakimu tatu lirudishe lilipotoka hata kama unapewa bure. Mpira hauhitaji kutembea ili uchoke. Hewa, joto na mwanga wa jua huufanya ukauke na kuwa mgumu, na mpira mgumu haushiki barabara yenye maji, hata meno yakiwa marefu namna gani. Tairi lililoning'inizwa mlangoni mwa duka katika jua la pwani linazeeka haraka kuliko lililofungiwa mahali pa baridi na giza. Dawa ya kung'arisha inayopakwa juu hairudishi chochote, inaficha tu zile nyufa ndogo ambazo mnunuzi alipaswa kuziona.

Basi safari hii niliamua kubadilisha yote mawili kwa pamoja na kuchagua kwa utaratibu, nikianza na saizi. Fundi, ambaye ninamheshimu sana kwa kazi yake, alinipa mapendekezo mawili ambayo nadhani kila mwenye pikipiki ya aina hii ameyasikia. La kwanza lilikuwa kuifunga mbele rimu ya inchi 18 ili nihamie kwenye matairi ya bodaboda moja kwa moja. Nililikataa baada ya kulifikiria usiku kucha. Tofauti ya inchi tatu za kipenyo inashusha ekseli ya mbele kwa inchi moja na nusu, karibu milimita 38, hivyo shoki za mbele zinasimama wima zaidi na usukani unakuwa mwepesi wa kupotea kwenye mwendo. Kipima mwendo, ambacho kinaendeshwa na gurudumu la mbele, nacho kinaanza kusema uongo kwa kuonyesha kasi kubwa kuliko ile halisi. Zaidi ya hayo, gurudumu kubwa ndilo linalopita juu ya jiwe na shimo ambalo dogo lingeingia, na njia ya Amani ina mengi ya yote mawili.

Pendekezo la pili lilihusu nyuma: nichukue 3.00-18 ya bodaboda badala ya 4.10-18, kwa kuwa rimu ni inchi 18 na tairi linaingia bila shida. Ni kweli linaingia. Lakini ubavuni mwa tairi lile paliandikwa 47P, na tairi la 4.10-18 nililokuwa nalifuata huandikwa 59P. Namba hiyo ni ya uzito: 47 maana yake kilo 175, na 59 ni kilo 243, huku herufi P ikimaanisha mwendo usiozidi kilomita 150 kwa saa, ambao pikipiki yangu haiufikii. Niliketi nikapiga hesabu. Mimi nina kilo 78, mke wangu ninayempeleka sokoni Muheza ana 65, gunia dogo la miche au mbolea huwa kama 20, na pikipiki yenyewe na mafuta yake inakaribia 110. Jumla ni 273, na kwa jinsi tunavyokaa, sehemu kubwa inaangukia gurudumu la nyuma. Kwa tairi la kilo 175 ningekuwa ukingoni kabisa kabla hata ya kugonga shimo la kwanza. Ni mzigo wa mke wangu tuliokuwa tunauzungumzia, wala si wa gunia, na sikuona sababu ya kuokoa elfu thelathini hapo.

Lililonisumbua zaidi ni tafsiri ya saizi, maana matairi ya siku hizi huandikwa kwa milimita. Katika kuuliza kwa simu nilipewa 80/90-21 mara nyingi kuliko 2.75-21. Hesabu yake si ngumu: 80 ni upana kwa milimita, 90 ni urefu wa ubavu kwa asilimia ya upana huo, kwa hiyo ubavu ni milimita 72. Inchi 2.75 ni karibu milimita 70, na matairi ya mtindo huo wa zamani yana ubavu unaokaribia kulingana na upana. Kwa hiyo 80/90-21 inaweza kushika nafasi ya 2.75-21 na kipima mwendo kisitambue. Nililoliepuka ni 90/90-21, ambalo muuzaji mmoja aliniambia "ni hilo hilo, limenenepa kidogo tu." Rimu yangu ya mbele ina upana wa inchi 1.60, na tairi pana likibanwa kwenye rimu nyembamba hujivimbisha katikati, mabega yake yakaacha kugusa barabara kama yalivyokusudiwa.

Mwishowe nilipata 2.75-21 yenye alama 45P na 4.10-18 yenye 59P, zote za kiwanda kimoja cha Taiwan na za mchoro mmoja, meno makubwa yaliyopangwa karibu karibu, kwa ajili ya lami na vumbi. Zilikuwa Kariakoo. Kabla ya kutuma fedha nilimwomba muuzaji anipigie picha ya ubavu wa kila tairi mahali penye tarakimu nne, na nilimweleza wazi kwamba bila picha hiyo hatutafanya biashara. Alishangaa kwanza, kisha akazipiga. Zote zilisomeka 0623, yaani Februari 2023, na mimi nilikuwa nanunua Julai ya mwaka huo huo. Nililipa shilingi 95,000 kwa la mbele na 120,000 kwa la nyuma, pamoja na tyubu mbili mpya, na kesho yake nikayapokea stendi ya Kange yakiwa yamefungwa kwa kamba ya mkonge.

Kazi ya kuyafunga ilichukua asubuhi nzima na nilikaa pale pale kwenye kigoda. Ndani ya rimu ya nyuma tulikuta kutu ya chumvi, kama rimu zote za chuma za mji huu, na spoku mbili zilizokuwa zimechomoza juu ya vichwa vyake kiasi cha kuweza kutoboa tyubu kila wiki. Bila shaka pancha zangu kadhaa za mwaka uliopita zilitoka humo. Fundi alizisaga kwa tupa, akasugua kutu, akaweka utepe mpya wa mpira kuzunguka rimu. Tyubu akaipaka poda ili ising'ang'anie tairi, akaijaza upepo kidogo tu ipate umbo, kingo za tairi akazipaka maji ya sabuni, akaangalia mshale wa mzunguko, kisha akaingiza ukingo kwa vyuma bapa taratibu, upande wa valvu ukiwa wa mwisho. Alipomaliza tulizungusha gurudumu tukitazama ule mstari mwembamba wa mpira ulio juu kidogo ya rimu, ambao unapaswa kuwa na umbali uleule pande zote. Mbele ulikuwa umezama sehemu moja, akatoa upepo wote akaanza upya bila kuombwa. Nati ya valvu hakuikaza hadi kwenye rimu, akaiacha juu karibu na kifuniko: tyubu ikisogea kidogo valvu italala upande na utaiona, lakini ikiwa imekazwa itakatika shingoni ukiwa barabarani.

Kilomita 150 za kwanza niliendesha kwa upole, kwa kuwa tairi jipya huwa na utelezi wa kiwandani ambao unahitaji kusuguliwa na barabara. Baada ya hapo pikipiki ilibadilika. Kwenye lami ya kwenda Muheza kuna mvumo wa meno kuanzia mwendo wa 60 hivi, na mtu anayeendesha lami tupu kutoka Chumbageni hadi Raskazone na kurudi hana haja ya kuuvumilia. Anunue yenye michirizi ya kawaida. Katika mchanga wa njia za mashamba ya mkonge upande wa Pangani la mbele linashika mstari wake vizuri nikipunguza upepo. Kwenye udongo mwekundu wa Amani uliolowa meno yanajaa tope yakiwa karibu karibu hivi, na hapo bado ninashuka kwa gia ya kwanza, lakini tope linatoka lenyewe gurudumu likizunguka, na katika masika mawili yaliyofuata sikuanguka tena. Tofauti kubwa kuliko zote niliihisi kwenye breki wakati wa manyunyu, lami inapokuwa na vumbi na mafuta: tairi linajikaza na kusimama pale ambapo lile la mwaka 2014 lilikuwa likiteleza.

Upepo ninajaza paundi 22 mbele na 26 nyuma, nikiongeza kidogo nyuma ninapombeba mtu. Nalisema hili kwa sababu vijana wa kompresa wamezoea kujaza hadi tairi lilie kama ngoma, na tairi la namna hiyo linagusa barabara kwa utepe mwembamba wa katikati, likaisha hapo hapo huku mabega yakibaki mapya. Nimenunua geji yangu ndogo ninayotembea nayo mfukoni.

Pancha nimepata tatu, mbili za misumari na moja ya mwiba wa ncha ya jani la mkonge, ambao huingia mzima na kukatikia ndani. Ukiziba tyubu bila kupapasa ndani ya tairi kwa vidole, utaziba tena jioni. Sasa yamefika kilomita 9,000. La mbele lina zaidi ya nusu ya meno yake, la nyuma limekaribia vile vipande vidogo vya mpira vilivyo kwenye mifereji vinavyoonyesha kwamba muda umefika, na sijaona ufa wowote katika lolote. La nyuma nitalibadilisha kabla ya vuli. Yule muuzaji wa Kariakoo nilimpigia juzi kuuliza kama ana 4.10-18, naye kabla sijamaliza salamu akaniambia kwamba picha ya tarakimu ataituma jioni.