"Imehifadhiwa", ikaniambia, na kumbe imeharibu

Nilitaka neno moja tu. "Save" isomeke "Hifadhi". Basi.

Natafsiri gemu ya zamani ya Game Boy Advance (GBA) kwa Kiswahili, kwa kujifurahisha, na muda wote nilikuwa nakodolea macho kihariri cha heksa, yaani programu inayoonyesha faili la gemu kama namba tupu, hadi yanatoa machozi. Ndipo nikakutana na programu hii, jina nalihifadhi. Sentensi zote za gemu zimepangwa safu kwa safu, unabofya, unaandika, kazi imekwisha. Nikasema loo, kumbe nimeteseka bure.

Sasa hesabu nami. "Save" ni herufi nne, kisha baiti moja (nafasi ya herufi moja) ya kufunga neno, kisha linafuata "Exit". "Hifadhi" ni herufi saba. Ya tano inaifuta ile baiti ya kufunga, ya sita na ya saba zinakanyaga mwanzo wa "Exit". Programu yenye adabu ingegoma, au ingelihamishia neno kwenye nafasi tupu na kurekebisha pointa yake, ile namba inayoiambia gemu neno liko wapi. Na pointa za GBA si uchawi: baiti nne, zimepangwa kinyumenyume, ya mwisho kwa kawaida 08. Hii yangu haikugoma wala haikuhamisha. Ikaandika "Imehifadhiwa" kwa rangi ya kijani.

Kwa kuiamini nikabadilisha sentensi nyingi usiku huohuo bila kujaribu hata moja. Kuja kufungua gemu, menyu inasema "Hifadhiit", na chini yake "hiit". Mzee wa kijijini, anayetakiwa kusema neno moja akupe upanga, akaanza kuongea na hakunyamaza. Akamaliza maneno yake, akaingia ya muuza duka, akaingia ya mtoto wa kisimani. Kutendua? Hakuna. Nakala ya akiba? Haiweki. (Ndiyo, ningeweka mwenyewe. Najua. Usinianze.)

Nikamwandikia mtengenezaji kwa upole kabisa. Jibu lake, lote: "Tumia maneno mafupi." Yaani lugha yangu ndiyo yenye kosa! "Yes" ni herufi tatu, "Ndiyo" tano. "No" ni mbili, "Hapana" sita. Ninyoe wapi?

Ningeishia hapo ningekuwa nadhulumu, maana kuna jambo moja inalifanya vizuri mno. Gemu nyingi za zamani hazifuati ASCII, ule mpangilio wa kawaida wa kuipa kila herufi namba yake. Kwenye Pokémon za mwanzo za Game Boy, kwa mfano, A ni 80 kwa heksa badala ya 41, kwa hiyo ukitafuta neno hivihivi hulipati. Hii unaipa neno uliloliona kwenye skrini, inapima umbali kati ya herufi na herufi, na kabla hujakaa sawa imekutolea jedwali zima la herufi. Kwa mkono kazi hiyo ilinila siku nyingi. Kwa kusoma, basi, ichukue, na uipe nakala, si faili lenyewe. Ila kuandika... hapana. Na nikikumbuka ile rangi ya kijani, hata kusoma nasita kukushauri.

Nimerudi kwenye heksa yangu, machozi na yote. Menyu sasa inasema "Weka". Herufi nne, zimeenea sawasawa. Yule bwana asiambiwe.