Intaneti ya kasi: simu ipi inastahili hela yako?

Mdogo wangu anashona nguo Mbagala, Dar es Salaam. Wateja wake wengi humpata kwa picha anazoweka status na Instagram, kwa hiyo simu kwake ni kitendea kazi kama cherehani. Mwezi uliopita alikuja nyumbani na laki nne na nusu alizodunduliza, akaniomba nimsindikize Kariakoo. "Kaka, safari hii nataka ya 5G. Hii niliyonayo mtandao wake umechoka."

Kabla hatujapanda daladala nilitoa laini yake nikaiweka kwenye simu yangu, nayo ni ya 4G kama yake, yaani kizazi cha mtandao kilichoitangulia 5G, tukiwa tumekaa kochi lile lile. Video ya gauni iliyomsumbua asubuhi nzima ilipanda tukiwa bado tunaongea. Mtandao ule ule, mnara ule ule, bando lile lile. Kilichochoka kilikuwa simu: RAM (kumbukumbu ya kuendeshea programu) ya GB 2, na uhifadhi wa GB 32 uliojaa picha hadi mdomoni. Simu ya namna hiyo hupokea data ikakosa pa kuiweka. Inafunga programu moja ili ifungue nyingine, inaandika faili polepole, kioo kinaganda, na mtumiaji anailaumu kampuni ya simu.

Nakuomba ufanye kipimo hicho kabla ya kununua chochote. Hakina gharama, kinahitaji tu rafiki mwenye simu nzuri kuliko yako. Laini yako ikikimbia kwenye simu yake, unahitaji simu yenye kumbukumbu kubwa na prosesa (chipu inayoiendesha simu) nzuri. Ikisuasua huko pia, tatizo liko kwenye mnara, na hapo ndipo swali la 5G linapoanza kuwa na maana.

Sasa tuangalie kasi ambayo matumizi ya kawaida yanaihitaji, maana hapa watu hulipia namba wasizozifikia. Netflix wanapendekeza Mbps 3 (megabiti 3 kwa sekunde) kwa picha ya 720p, Mbps 5 kwa 1080p iliyo kali zaidi, na Mbps 15 kwa 4K iliyo kali kuliko zote. Kuongea kwa sauti WhatsApp hakufiki hata Mbps 1. Kwa upande wa pili, modemu ya 4G (sehemu ya simu inayopokea na kutuma data) ya daraja la Cat 4, ambalo leo ni la chini, imetengenezwa kupokea hadi Mbps 150 na kutuma hadi 50. Chipu nyingi za simu za bei ya chini zimeshapita hapo. Unisoc T606 na Helio G85 ni Cat 7, yaani hadi Mbps 300 kwenye karatasi. Hutaziona Mbps 300 Tandale ya Dar wala Githurai ya Nairobi, kwa sababu mnara mmoja unagawana kasi yake na kila mtu aliye chini yake. Saa 2 usiku mtaa mzima umerudi nyumbani na kila mmoja ana video yake. Modemu ya simu yako inasubiri foleni kama wengine.

Na wakati mwingine kikwazo kiko mbali zaidi, baharini. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom, zinazoleta intaneti kupitia chini ya bahari, zilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Aliyekuwa na simu ya milioni mbili na aliyekuwa na ya laki mbili walisubiri pamoja.

Hata hivyo sitaki uondoke ukidhani 5G ni mapambo. Chaneli moja ya 4G ina upana usiozidi MHz 20. Ya 5G, kwenye masafa ya kati (ya mawimbi ya redio) yanayotumika sehemu nyingi, inaweza kufika MHz 100. Ni sawa na barabara ya njia mbili kuwekewa njia kumi, tena kwa sasa magari yaliyomo bado ni machache. Vodacom waliiwasha Tanzania Septemba 2022, Safaricom wakaizindua kibiashara Kenya Oktoba mwaka huo huo, na wengine wakafuata. Mahali ambapo 4G imeelemewa na mnara wa 5G uko jirani, tofauti utaiona siku ya kwanza.

Shida ni kwamba masafa hayo, kama GHz 3.5, hayasafiri mbali na yanapenya ukuta kwa taabu. Mimi nimewahi kukaa na simu ya 5G mwaka mzima. Barazani alama ya 5G ilikuwepo, sebuleni ilikuja na kutoka, chumbani ninakofanyia kazi haikuingia kabisa. Kwa kuwa simu ilishinda ikihama kati ya 5G na 4G, betri ikaisha mapema, nikaishia kuizima 5G kwenye mipangilio. Nililipia kitu nikakifungia kabatini. Kwa hiyo usiridhike na ramani ya matangazo ya kampuni. Azima simu ya 5G yenye laini ya mtandao unaoutumia, kaa nayo pale unapolala na pale unapofanyia kazi, jioni watu wakiwa wengi.

Jambo lingine ni bando. Kasi ikipanda, YouTube ukiiacha ichague yenyewe itakuletea picha kali zaidi. Video inayokwenda Mbps 5 inakula kama GB 2.25 kwa saa. Kwa anayenunua bando la siku, simu yenye kasi ni bomba lililofunguliwa zaidi kwenye tangi lile lile. Shusha ubora wa video mwenyewe, vinginevyo utakuwa mteja wa vocha kila jioni.

Kwa hesabu hiyo, hivi ndivyo ningezipanga simu kwa mtu anayetaka intaneti isiyomuudhi.

Ya kwanza: 4G ya daraja la kati, RAM GB 6 au 8, uhifadhi GB 128 kwenda juu. Hapa ndipo mdogo wangu aliangukia. Mtaa wa Aggrey, kwa bajeti yake, muuzaji alituwekea mbili mezani: ya 5G yenye RAM ya GB 4, na ya 4G yenye RAM ya GB 8 na uhifadhi wa GB 256. Tulichagua aina hiyo ya pili. Kundi hili lina simu kama Samsung Galaxy A16 ya 4G na Infinix Hot 40 Pro, zote zikiwa na prosesa ya Helio G99, na Redmi Note 13 ya 4G yenye Snapdragon 685. Zote zina betri ya mAh 5000. A16 naipenda zaidi kwa sababu moja: Samsung wameahidi masasisho ya miaka 6, jambo ambalo simu za bei hiyo hazikuwa nalo zamani. Ila kumbuka tahadhari hii: A16 inauzwa pia ikiwa na RAM ya GB 4, na boksi linafanana. Soma namba pembeni ya boksi. Angalia pia aina ya uhifadhi kama imeandikwa. UFS inaandika na kusoma haraka sana kuliko eMMC, na hilo utalihisi kila siku, hata ukiwa nje ya mtandao.

Ya pili: 5G ya daraja la kati. Inashika nafasi ya kwanza kwako ikiwa kipimo cha simu ya 5G ya kuazima kilifaulu nyumbani na kazi yako inabeba mizigo: unarusha video ndefu, unawarushia wenzako ofisini hotspoti, au unategemea simu badala ya waya wa intaneti. GB 1 kwa Mbps 20 inachukua kama dakika 7. Kwa Mbps 100 ni sekunde 80. Mpiga picha wa harusi anayetuma GB 30 anajua maana yake, ingawa ajue pia kwamba kutuma huwa polepole kuliko kupakua, hata kwenye 5G. Hoja nyingine ya haki ni umri wa simu. Ukiwa ni mtu wa kukaa na simu miaka mitano, minara itaongezeka ukiwa nayo bado mkononi. Sharti langu ni moja: usishuke chini ya RAM ya GB 6 ili tu upate neno 5G.

Ya tatu: simu ya hadhi iliyotumika. Nyingi huja kupitia Dubai, na kamera zake ni tamu. iPhone 11 ya 2019 ni ya 4G na bado inakwenda vizuri. iPhone za 5G zinaanzia 12, ya mwaka 2020. Hatari ziko tatu. Betri iliyochoka ni ya kwanza. Ya pili ni simu iliyofungwa kwenye mtandao wa nje, ambayo ukiweka laini ya huku inakukatalia. Ya tatu ni masafa: simu iliyotengenezwa kwa soko la Marekani inaweza kukosa baadhi ya masafa ya chini, ya MHz 700 au 800, ambayo huku ndiyo yanayobeba 4G mbali na kuiingiza ndani ya nyumba. Mjini hutagundua. Ukienda kijijini kusalimia wazee ndipo unaona wenzako wana 4G na wewe unahangaika na 3G. Na iPhone 14 ya Marekani haina kabisa tundu la laini, inataka eSIM, yaani laini isiyo na kadi ya kuchomeka.

Ya nne: 4G ya chini, RAM GB 2 au 3. Kwa mzazi anayepokea simu, anayetuma pesa na kutazama picha za wajukuu, inatosha, nami nimemnunulia mama yangu ya aina hiyo. Kwa mfanyabiashara ni kujitafutia mateso baada ya miezi minane.

Ya mwisho: 5G ya bei ya chini kabisa yenye RAM ya GB 4. Naiweka chini makusudi, chini hata ya ile ya mama, kwa sababu inamchukulia hela mtu anayejibana akiamini ananunua kasi. Prosesa na kumbukumbu vimepunguzwa ili neno 5G litoshee kwenye boksi. Ya 3G sijaipanga, usinunue.

Kwa wanaochukua simu kwa mkopo wa kulipa kidogo kidogo, zidisha malipo ya siku kwa idadi ya siku, ujumlishe na kianzio, ndipo ulinganishe na bei ya taslimu. Mara nyingi hela hiyo ingekupeleka daraja zima juu.

Ukishachagua, usitoe hela kwanza. Piga *#06# upate IMEI, namba ya utambulisho wa simu. Tanzania itume kwa ujumbe kwenda 15090, Kenya 1555, uone kama jina la simu linalorudi ni la hiyo uliyoshika. Waliokuwa na simu bandia Juni 2016 wanakumbuka TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, ilipozizima usiku mmoja. Kisha weka laini yako mwenyewe, siyo ya dukani. Fungua video, ikiwa inacheza mwambie muuzaji akupigie. Ukipokea, tazama alama ya mtandao juu ya kioo. Ikibaki 4G na video ikaendelea kupakia, simu inapitisha sauti kwenye 4G, yaani VoLTE inafanya kazi kwenye mtandao wako. Ikishuka 3G au E (mtandao wa zamani zaidi), angalia kwanza kama VoLTE imewashwa kwenye mipangilio ya laini. Ikiwa imewashwa na bado inashuka, basi kila mteja atakapokupigia intaneti yako itapungua au kukatika, hata kama boksi limeandikwa 5G kwa herufi za dhahabu. Mdogo wangu alirudisha simu mbili za kwanza kwa sababu hiyo. Muuzaji alinuna kidogo, akaleta ya tatu.